Macho Manne ya Kobe

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi moja ambayo hakuipenda hata kidogo. Alikunja zulia jeusi la chumba cha kushonea, akalibeba begani, akashuka nalo ngazi hadi uani, akalitundika kwenye kamba na kulipiga kwa fimbo mpaka vumbi liishe. Zulia hilo halikununuliwa dukani. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amepata kazi ya kushona majoho meusi mia na ishirini ya mahafali ya chuo. Masalio ya kitambaa aliyaunganisha matabaka matatu matatu, akapata zulia zito lililofunika karibu chumba kizima. Mama alikata vitambaa akiwa amepiga magoti, na sakafu ya saruji haina huruma na magoti ya mtu mzima.

Nyumbani msichana huyo aliitwa Injinia. Jina alipewa na Bibi, siku alipofungua redio iliyokuwa bubu mwaka mzima, akatoa ndani yake mende mkavu, na redio ikaanza kusoma taarifa ya habari. Tangu hapo kila kitu kilichogoma kilipelekwa kwake. Injinia alilipenda jina hilo kuliko jina lake la shuleni, na taabu yote ilianzia hapo. Mtu akipenda mno kusifiwa, huanza kuzilinda sifa zake kwa njia zisizofaa.

Mdogo wake wa miaka minne waliyemwita Bwana Mdogo alikuwa na pumu. Vumbi la vitambaa lilimkaba kifua, na daktari alikuwa ameonya kwamba chumba cha kushonea kisafishwe kila siku, na mtoto asikae karibu wakati wa kusafisha. Shangazi yao, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyewaletea ile mashine ya kufagia. Ilikuwa ya duara, nzito, yenye magurudumu madogo, nayo ilijiendesha yenyewe sakafuni ikifyonza vumbi. Bibi aliitazama mara moja tu akaiita Kobe.

Kobe aliwekewa saa. Kila siku saa nne asubuhi aliamka mwenyewe kwenye chaji, akazunguka chumba cha kushonea, akatoka hadi kwenye ujia wa ghorofani, kisha akarudi. Wakati huo Bibi alimshusha Bwana Mdogo chini. Walitandika mkeka mguuni pa ngazi, mahali ambapo upepo wa mlango wa mbele ulipita vizuri, na mtoto akalala hapo kufidia usingizi ulioibwa na kikohozi cha usiku. Ngazi ilikuwa ya saruji, yenye vidato kumi na vinne, na juu yake hapakuwa na kizuizi chochote.

Mambo yalikwenda sawa mpaka Mama alipotandika lile zulia jeusi. Siku ya kwanza tu Kobe alipanda ukingo wa zulia, akasimama, akalia mara tatu na kuwasha taa nyekundu. Wakamrudisha kwenye chaji. Kesho yake ikawa vilevile. Mama, aliyekuwa na majoho sabini mbele yake, alisema kelele hizo zitamtia wazimu kabla ya kumaliza kazi.

Injinia alikaa na Kobe Jumamosi nzima. Alimgeuza chali, akachomoa brashi na kukata nyuzi zilizokuwa zimejisokota kwenye magurudumu. Tumboni aliona vitundu vinne vya kioo cheusi, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo vihisi, yaani macho ambayo mashine hutumia kuitazama sakafu. Alivifuta kwa kitambaa kikavu, kisha kwa pamba. Alimweka Kobe kwenye ujia, akaenda vizuri. Alimrudisha kwenye zulia, akalia. Alitandaza karatasi nyeupe juu ya zulia, na Kobe akapita juu ya karatasi bila shida, lakini alipofika mwisho wake akasimama tena.

Hapo Injinia akaelewa. Macho ya Kobe yalitupa mwanga chini na kusubiri urudi. Sakafu ya kawaida iliurudisha. Zulia jeusi liliumeza wote, na Kobe akadhani mbele yake kuna shimo.

Alimweleza Mama, na Mama akampa sifa zake zote. Dawa ilikuwa rahisi: zulia likunjwe kila asubuhi, lipelekwe uani, na Kobe aachiwe sakafu tupu. Kwa kuwa Injinia ndiye aliyegundua, yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi. Mchimba kisima hajui kama atakuwa mchota maji.

Alilibeba zulia siku nne. Siku ya tano mkono ulimuuma, na siku hiyo hiyo alichelewa shuleni, akasimamishwa mbele ya darasa. Jumapili alasiri, Mama akiwa amelala, alichukua bunda la stika nyeupe ambazo Mama huandikia vipimo vya majoho. Akamgeuza Kobe, akabandika stika moja juu ya kila jicho. Sasa mwanga ungegonga stika na kurudi palepale, na Kobe angeamini kuwa kila mahali pana sakafu.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa wazi pembeni yake. Lugha yake hakuijua, lakini michoro aliielewa. Mmoja ulionyesha mashine ikiwa ukingoni mwa ngazi, na mshale ukiirudisha nyuma. Injinia aliutazama mchoro huo, kisha akafunika kitabu.

Jumatatu alimwambia Mama, Bibi akisikia, kwamba ameyasafisha macho kwa spiriti, na kwamba sasa hata zulia likibaki mahali pake Kobe atapita. Saa nne Kobe akapita kweli, hakulia hata mara moja. Mama alimkumbatia binti yake jioni na kusema alijua tu kwamba Injinia hashindwi. Injinia alifurahi, kisha akashangaa kwamba furaha yenyewe haikutulia moyoni.

Jumanne aliporudi kutoka shuleni alimkuta Bibi akicheka peke yake. Msalani kwao pale ghorofani palikuwa chini ya ujia kwa vidato viwili, na Kobe alikuwa amekutwa huko akiwa chali, magurudumu yakizunguka hewani. Bibi alisema Kobe amezeeka kama yeye, haoni tena pa kukanyaga. Wote wakacheka. Injinia naye alicheka, lakini chakula cha jioni kilimshinda.

Jumatano hakungoja kuambiwa. Alipofika tu alipanda ngazi, na alipofika kidato cha juu kabisa akasimama. Ukingo ule wa saruji ulikuwa na vumbi siku zote, kwa sababu Kobe alikuwa akigeuka mapema kabla ya kuufikia. Sasa palikuwa pasafi. Mkanda msafi, mpana kama kiganja, ulikwenda mpaka mwisho wa ukingo, na baada ya hapo ilikuwa hewa tupu, kisha vidato, kisha mkeka, na juu ya mkeka mto mdogo wa Bwana Mdogo. Kobe alikuwa amefika hapo na kugeuka kwa bahati tu.

Angeweza kwenda kwa Mama wakati huo huo. Badala yake alichukua ubao wa kupigia pasi, akaulaza kwa ubavu juu ya ngazi. Bibi alipouliza, akajibu kwamba unazuia vumbi lisishuke chini kwa mgonjwa. Bibi alimsifu kwa kumfikiria mdogo wake. Uongo wa pili ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza, na hilo lilimtisha Injinia kuliko uongo wenyewe.

Alhamisi asubuhi alikuwa akifunga viatu mlangoni alipoona gari la kukodi limesimama nje. Mama alikuwa anapeleka majoho ya mwisho chuoni, naye angeyapigia pasi hukohuko. Dereva alikuwa amekwisha kupakia mafurushi. Juu ya mafurushi hayo alilaza ubao wa pasi.

Injinia alisimama na mkoba mgongoni akilitazama gari likiondoka. Kumvua Kobe zile stika ni kazi ya dakika moja. Lakini Bibi alikuwa chumbani akimvalisha Bwana Mdogo, angemwona na kumuuliza, na kengele ya shule ilikuwa karibu. Akajiambia kwamba ni siku moja tu, na kwamba jana Kobe aligeuka mwenyewe. Akaondoka.

Saa ya ukutani darasani kwao ilikuwa juu ya ubao, kubwa, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Siku nyingine hakuna aliyeikumbuka. Siku hiyo Injinia hakuona kingine. Saa tatu mwalimu wa hesabu aliandika maswali kumi. Saa tatu na nusu Injinia alikuwa bado kwenye la pili. Alijaribu kukumbuka kama usiku uliopita Bwana Mdogo alikohoa sana, akakumbuka kwamba ndiyo, alikohoa mpaka alfajiri. Basi leo angelala usingizi mzito.

Ilipofika saa nne kamili alisimama. Mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa kukatizwa, alimuuliza ana nini.

"Tumbo linaniuma, Mwalimu," alisema.

Mwalimu akamruhusu kwa kichwa. Injinia alifika mlangoni, akashika fremu ya mlango. Akageuka. Wanafunzi wote walikuwa wakimtazama.

"Si tumbo, Mwalimu. Nimedanganya. Naomba kupiga simu nyumbani. Mdogo wangu ataumia, na kosa ni langu."

Mwalimu aliweka chaki chini, akatoa simu yake mfukoni na kutoka naye barazani.

Simu ya Mama ilikuwa ikitumika. Akajaribu tena, bado ilikuwa ikitumika. Ile ya Bibi iliita kwa muda mrefu, maana Bibi huitafuta kwanza mfukoni, kisha chini ya mto, kisha huvaa miwani ndipo aipokee.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Bibi, ni mimi. Shikamoo." Ilimtoka kwa mazoea, akajuta kupoteza hata neno hilo moja.

"Marahaba, mke mwenzangu. Vipi, wamekufukuza shule?"

"Bibi, Bwana Mdogo yuko wapi?"

"Si huyu hapa amelala. Hakupata usingizi jana, maskini. Na mwenzako Kobe ameshaamka huko juu, namsikia anavuma."

"Mtoe hapo, Bibi. Mtoe chini ya ngazi sasa hivi."

"Nimwamshe mgonjwa aliyepata usingizi? Kwa nini?"

Injinia alifumba macho. Angeweza kusema kuna nyoka, angeweza kusema lolote, na Bibi angeondoka. Lakini alikuwa amechoka na uongo, na alijua kwamba Bibi angeanza kumtafuta huyo nyoka.

"Nilidanganya, Bibi. Sikuyasafisha macho ya Kobe, niliyafunika kwa stika. Haoni ngazi. Ataanguka hapo mlipo."

Simu iliwekwa chini, kisha ikasikika sauti ya mwili mzee ukijiinua kwa shida, na mtoto akinung'unika usingizini. Nyuma ya sauti hizo kulikuwa na mvumo. Ulikuwa wa mbali, ukawa karibu, ukawa karibu zaidi. Kisha ukabadilika ghafla, ukawa mwembamba, kama gurudumu lililokosa cha kukanyaga.

Ukafuata mshindo. Ukafuata mwingine, na mwingine, kila kidato na wake. Bibi alipiga ukelele mfupi. Halafu ukaja mshindo mkubwa kuliko yote, na simu ikakatika.

Mwalimu alimwachia kiranja darasa. Kutoka shuleni hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa, nao waliukata kwa mbio, mwalimu akiwa na vumbi la chaki mikononi na Injinia akiwa amesahau mkoba. Njiani kote mwalimu alipiga ile namba, na kote simu haikupatikana. Injinia hakuwahi kuijua njia hiyo kuwa ndefu kiasi hicho. Alipoona mlango wa nyumbani uko wazi, alitamani usifikike.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, Bwana Mdogo kifuani pake. Mtoto alikuwa mzima. Alikuwa analia na kukohoa, na Bibi alikuwa amemshikia mdomoni kile kichupa chake cha dawa ya kuvuta, akimhesabia pumzi taratibu. Mguu mmoja wa Bibi ulikuwa umenyooshwa mbele, na kifundo chake, kilichogongwa na Kobe, kilikuwa kimevimba na kupata weusi. Kobe alikuwa kwenye mkeka, ubavu mmoja umepasuka. Chini yake palikuwa na simu ya Bibi, vipande vipande. Mto mdogo ulikuwa umechanika katikati, pale hasa panapowekwa kichwa, na sponji imetoka nje.

Injinia aliutazama mto ule.

Mwalimu alitafuta gari na kumpeleka Bibi hospitali, ambako shangazi alikuwa zamu. Mfupa wa kifundo ulikuwa na ufa. Walimfunga plasta, wakamwambia asikanyage kwa wiki sita. Kwa mtu ambaye kila siku hupanda na kushuka na mtoto begani, wiki sita ni kifungo.

Mama alirudi alasiri na uso uliokwisha kupata habari nusu. Alipita moja kwa moja hadi kwa Kobe, akamgeuza. Stika nne nyeupe zilikuwa bado mahali pake, zimebana vizuri.

"Hizi ni stika zangu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Nilizibandika mimi, Jumapili. Sikutaka tena kubeba zulia. Jumanne nilisikia ameanguka msalani, jana nikaona amefika ukingoni. Ule ubao niliuweka kwa sababu hiyo, sio vumbi." Alisema yote bila kupumzika, kwa kuogopa kwamba akinyamaza kidogo atapunguza kitu.

Mama alivuta kiti cha cherehani akaketi. Injinia alingoja makofi, na kusema kweli angeyapokea kwa shukrani. Mama hakuinua mkono.

"Ukishona mshono mbovu," Mama alisema, "ukaupiga pasi vizuri, nguo itapendeza. Mteja atakusifu, na wewe utapokea sifa. Lakini mshono unajua kuwa ni mbovu, na utaachia siku mtu atakapoivaa mbele za watu. Wewe uliupiga pasi mshono huu tangu Jumatatu. Uvivu wa Jumapili ningekusamehe siku hiyohiyo. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba Jumatatu uliamka ukanyamaza, Jumanne ukanyamaza, Jumatano ukanyamaza, na leo ukaliona gari linaondoka na ubao ukavaa viatu ukaenda shule."

Injinia alilia. Mama alimwacha alie, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye naye ana lake. Mashine iliyokuwa ikilia kila siku ilinyamaza ghafla, naye kwa uchovu wa majoho akafurahia ule ukimya, asiulize umetoka wapi. Angemgeuza Kobe hata mara moja tu, angeona.

Kobe alipelekwa kwa fundi wa vyombo vya umeme, akarudi baada ya siku tisa na kiraka cha plastiki ubavuni. Wakati huo wote chumba kilifagiwa na kupigwa deki na Injinia mwenyewe, kabla ya shule na baada ya shule, dirisha likiwa wazi na kitambaa puani. Mama alimwita seremala akaweka kilango cha mbao juu ya ngazi. Zulia jeusi lilirudi kwenye ratiba yake ya kupelekwa uani, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha mtu.

Bwana Mdogo alikuwa mzito kupona kuliko mfupa. Kila saa nne, Kobe alipoanza kuvuma, aliacha mchezo wake na kukimbilia nje hadi mvumo ukome. Injinia alimfuata huko siku za Jumamosi, akaketi naye, kwa sababu lilikuwa deni lake.

Jioni moja alikuwa akimwosha Bibi miguu, ule mzima na vidole vilivyochungulia kwenye plasta. Tangu siku ya tukio alikuwa hajathubutu kumwomba msamaha, maana kila alipofungua mdomo aliuona ule mto. Siku hiyo aliomba, kwa maneno machache, akiwa ameinamisha kichwa juu ya beseni.

Bibi alimwacha amalize.

"Mguu utapona, mke mwenzangu," alisema. "Na uliposema kweli ulisema mapema kiasi cha kumwokoa mdogo wako. Hilo ninalijua na nitakuombea kwalo. Lakini nikwambie jambo moja ulishike. Kama dakika ile ungeniambia kuna nyoka, ningesimama nimtafute. Ulinieleza kweli, nikakuamini, nikamnyanyua mtoto bila kuuliza tena. Kabla ya hapo ulinidanganya mara mbili, na zote mbili nilikuamini vilevile. Mimi kukuamini sina njia nyingine, maana wewe ni mjukuu wangu. Kwa hiyo uchunge ulimi wako, kwa sababu popote utakaponielekeza nitakwenda, hata kama ni chini ya ngazi."

Injinia alishika mguu wa Bibi kwa mikono miwili na kuuinua polepole kutoka majini. Aliukausha kidole kwa kidole, akauweka juu ya kigoda, kisha akaenda kumwaga maji.